Kutazama Ndege kwa Miguu katika Ufuo wa Dunga, Kisumu

Dunga ni kijiji cha wavuvi kilicho kusini mwa mji wa Kisumu, kilomita chache tu ukifuata barabara inayopita kando ya Hifadhi ya Impala, na wakazi wengi wa mji huo hukijua kwa samaki wa kukaanga zaidi kuliko kwa ndege. Hata hivyo, kinamasi kinachoanzia pale mashua zinapoishia kimo katika orodha ya maeneo muhimu ya ndege nchini Kenya, kwa sababu mafunjo yake yanahifadhi ndege kadhaa ambao hawaishi mahali pengine popote isipokuwa ndani ya mafunjo. Mtu anayesafiri kutoka Nairobi au Nakuru kuja kuwatafuta ndege hao aghalabu huuliza kwanza ni umbali gani atakaotembea. Jibu ni kwamba atatembea kidogo sana, na kwamba kadiri anavyotembea zaidi ndivyo anavyopunguza uwezekano wa kuwaona. Matembezi ya Dunga ni ya kusimama, kusikiliza, kusogea hatua chache na kusimama tena, na mtu asiyeweza kukaa mahali pamoja kwa robo saa bila kuzungumza atafurahia zaidi kupanda boti.

Saa na majira

Kwa kuwa Kisumu iko karibu kabisa na Ikweta, jua huchomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu asubuhi mwaka mzima, likitangulia au kuchelewa kwa dakika chache tu. Panga uwe umefika ufuoni wakati huo, wala si kwamba ndiyo kwanza unatoka mjini. Saa mbili za kwanza za mwanga ndizo zenye thamani kubwa kwa sababu mbili. Kwanza, ndege wa mafunjo huimba zaidi kunapopambazuka, na kwa kuwa wengi wao hujificha, sauti ndiyo itakayokuonyesha pa kuelekeza macho. Pili ni upepo. Usiku na alfajiri nchi kavu huwa imepoa kuliko maji, hivyo upepo huvuma polepole kutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Jua linapopanda mambo hugeuka, upepo ukaanza kutoka ziwani ukiwa na nguvu, na mafunjo yakayumba na kukwaruzana kiasi kwamba huwezi tena kutofautisha ndege anayeruka na kishungi kinachotikiswa. Nimewaona wageni wakifika saa nne, wakatazama mafunjo yakicheza kwa upepo na kuondoka wakisema kwamba Dunga hakuna ndege.

Kuhusu miezi, hakuna wakati ambao utarudi mikono mitupu, kwa maana ndege wa mafunjo ni wakazi wa kudumu. Kati ya Oktoba na Aprili, hata hivyo, wanaongezeka wageni kutoka Ulaya na Asia wanaokimbia baridi: mbayuwayu kwa makundi makubwa, vitwitwi wanaokimbia kwenye matope, na buabua wadogo wanaoruka chini juu ya maji ya Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria. Masika ya Machi hadi Mei huwafanya kwera wavae rangi zao nzuri na kujenga viota, lakini pia huleta matope yanayovua viatu. Ikiwa unaweza kuchagua, chagua Novemba au mapema Machi, ambapo unapata wageni na wenyeji kwa pamoja.

Vifaa

Darubini moja nzuri inatosha. Zile zilizoandikwa 8x42 ndizo ninazopendekeza: namba ya kwanza inaonyesha kwamba zinakuza mara nane, na ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, ambacho ndicho kinachoamua mwanga unaoingia. Watu wengi hupendelea zinazokuza mara kumi wakidhani kwamba kikubwa ndicho bora, lakini katika mafunjo ndege huwa karibu na huonekana kwa muda mfupi sana, na darubini inayokuza zaidi huwa na uwanja mwembamba wa kuonea na hutikisika zaidi mkononi. Kabla ya kufika, rekebisha jicho moja moja: funga jicho la kulia na uzungushe gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione sawasawa, kisha fumba la kushoto na uzungushe pete iliyo kwenye lenzi ya jicho la kulia. Ukishafanya hivyo, baadaye utahitaji gurudumu la katikati pekee. Anayevaa miwani azungushe vikombe vya macho viingie ndani kabisa, asivue miwani.

Vaa nguo zisizong'aa, ama za kijani kibichi, kahawia au kijivu. Rangi nyeupe huwashtua ndege, na koti la mvua linalopiga kelele kila unapoinua mkono ni baya kuliko shati jeupe. Vaa gambuti kama mvua imenyesha, na chukua kofia, maji ya kunywa, dawa ya kufukuza mbu, daftari dogo na kalamu ya risasi, kwa kuwa kalamu ya wino hushindwa kuandika kwenye karatasi yenye unyevu. Simu yako inaweza kubeba programu ya kutambulia ndege; Merlin, kwa mfano, husikiliza mlio na kupendekeza jina. Itumie kama unavyomtumia rafiki mwenye bidii anayependa kujibu haraka: sikiliza anachosema, kisha uhakikishe kwa macho yako mwenyewe.

Kuingia ufuoni

Dunga ni mahali pa kazi kabla ya kuwa mahali pa matembezi. Alfajiri wavuvi wa omena wanarudi kutoka majini walikokesha na taa, wanawake wanaonunua samaki wanasubiri na beseni zao, na nyavu zimetandazwa chini ili omena waanikwe. Mgeni anayepita katikati akiwa na darubini shingoni, macho yakiwa juu, ataikanyaga nyavu ya mtu au kumzuia aliyebeba mzigo kichwani. Salimia kwanza. "Oyawore" inatosha kufungua mlango, na ikiwa hujui Dholuo basi Kiswahili cha heshima kitafaa: mama, baba, ndugu. Usimpige mtu picha bila kumwomba ruhusa, hata kama unachokilenga ni yangeyange aliyesimama kwenye ukingo wa mashua yake.

Kamati ya ufuo, ambayo kila mtu huiita BMU, ndiyo inayosimamia shughuli za wavuvi, na vijana waelekezi wa kinamasi hupatikana papo hapo. Ninakushauri sana umchukue mwelekezi, hasa kwa mara ya kwanza, na mpatane malipo na muda kabla ya kuanza. Mwelekezi mzuri anajua ni kona gani tiva wa mafunjo wameimba wiki hii, ni njia ipi iliyofunikwa na maji na, jambo lililo muhimu kuliko yote, viboko wamelala wapi. Kiboko hutoka majini usiku kula nyasi na hurudi kunapopambazuka, yaani saa ileile unayotaka kutembea, na aliye hatari zaidi ni yule unayemkuta nchi kavu ukiwa umesimama kati yake na maji. Kwa hiyo, kabla jua halijachomoza kabisa usiingie kwenye vijia vya nyasi ndefu, hata ukimsikia ndege wa ajabu namna gani, na ukiona kinyesi kibichi kilichotapanywa au mkondo wa nyasi uliolazwa kuelekea majini, rudi nyuma bila mjadala.

Jambo jingine la kumwuliza mwelekezi ni hali ya maji. Kimo cha ziwa hubadilika kutoka mwaka hadi mwaka, na mwaka 2020 maji yalipanda yakafunika fuo nyingi za ghuba hii pamoja na nyumba na mashamba ya watu. Njia iliyoelezwa na mtu aliyetembelea miaka michache iliyopita inaweza kuwa chini ya maji leo, ama mafunjo yakawa yamesogea. Palipo na njia ya mbao iliyojengwa juu ya maji, na ikiwa mbao zake ni imara, itumie kwa sababu inakufikisha ndani ya mafunjo bila kuyavunja.

Kwenye ukingo wa mafunjo

Anza hapa, kabla ya kutazama ndege wa ufuoni, kwani wa ufuoni watakusubiri ilhali wa mafunjo hawatakusubiri. Chagua mahali ambapo ukingo wa mafunjo umeachana kidogo na maji wazi au na shamba, jua likiwa mgongoni mwako. Simama. Usiinue darubini bado. Tazama kwa macho matupu vishungi vya juu, kisha shina zilizo katikati, halafu chini kwenye maji, ukirudia polepole, na ukiona kishungi kimoja kinatikisika ilhali vya jirani vimetulia, hapo pana ndege. Ukimpata, usiangushe macho kutafuta darubini. Endelea kumkazia macho na uilete darubini mbele ya macho yako.

Anayetafutwa na wote ni tiva wa mafunjo, ambaye katika vitabu utamkuta kwa jina la kisayansi Laniarius mufumbiri. Mgongo wake ni mweusi, kifua na tumbo ni vyekundu vinavyokaribia rangi ya chungwa, na utosi wake ni wa manjano ya dhahabu. Tatizo ni kwamba ana ndugu yake, Laniarius erythrogaster, ambaye ni wa kawaida katika vichaka na bustani za Kisumu nzima, naye pia ni mweusi juu na mwekundu chini. Wageni wengi humwona huyu wa vichakani juu ya ua la nyumba fulani, wakafurahi, wakaandika kwamba wamempata wa mafunjo. Angalia sehemu mbili tu: utosi na bawa. Wa mafunjo ana utosi wa manjano na mstari mweupe kwenye bawa. Wa vichakani ni mweusi mtupu kuanzia kichwani hadi mkiani, bila doa jeupe bawani. Ukimwona kwa nyuma tu, akiwa amejificha nusu, mstari wa bawa utakusaidia kuliko kifua. Wote wawili huimba kwa kupokezana, dume akitoa mlio wa kupiga mluzi na jike akijibu kwa sauti kavu ya kukwaruza, mara nyingi kwa haraka kiasi kwamba utadhani ni ndege mmoja. Ukisikia mlio huo kutoka ndani ya mafunjo, kaa palepale. Jozi ina eneo lake na huzunguka humo humo, na baada ya dakika kumi au ishirini mmoja wao huenda akapanda juu ya shina kujianika.

Wa pili kwa umuhimu ni mdogo na hana mapambo, na ndiyo maana wengi humpita. Anaitwa Calamonastides gracilirostris: mgongo wa kijani kilichofifia, sehemu ya chini ya manjano, na mdomo mrefu mwembamba. Hukaa ndani, kwenye shina za katikati, akisogea kimyakimya kutafuta wadudu, na ni spishi ambayo wahifadhi wanaihofia kwa sababu vinamasi vya mafunjo vinazidi kupungua. Usimtafute kwa kukimbia huku na huko. Tafuta pengo katika mafunjo ambapo unaweza kuona ndani mita mbili au tatu, kisha ulikazie macho pengo hilo.

Kwa Bradypterus carpalis tegemea masikio. Ni ndege wa kahawia iliyokolea, kifua kikiwa na madoa na bega la bawa likiwa na weupe, lakini unaweza kukaa kinamasini asubuhi nzima usione hata unyoya wake. Wimbo wake hauna mfano: milio mikali inayoanza taratibu, ikaongeza kasi, ikafifia, na mwishoni ukasikia mabawa yakipigapiga. Ukishausikia mara moja hutausahau, na mimi humhesabu aliyesikika sawa na aliyeonekana, ingawa wapo wanaokataa jambo hilo kwa nguvu.

Kuna pia jozi nyingine ya kuchanganya. Cisticola carruthersi ni kindege chenye michirizi mgongoni na utosi wa rangi ya kutu, na ndugu yake Cisticola marginatus anafanana naye mno. Hapa makazi husaidia kuliko rangi: wa kwanza hukaa ndani ya mafunjo yenyewe, na wa pili hupenda nyasi, matete na pembezoni mwa mashamba yenye unyevu. Ukimwona kwenye mpaka wa mafunjo na nyasi, andika kwamba hukuweza kuamua, na usione haya. Chiriku wa mafunjo, Crithagra koliensis, naye ni rahisi zaidi, kwa kuwa hutoka kinamasini kwenda kula mbegu katika vichaka na mashamba ya jirani, hivyo mara nyingi unampata ukiwa njiani kurudi.

Usiwachezee ndege hawa milio iliyorekodiwa. Najua waelekezi fulani hufanya hivyo, na wageni wenye haraka huwaomba wafanye, lakini ndege mwenye eneo lake anaposikia mlio wa mgeni huacha kula na kuacha kiota ili apigane na adui asiyekuwapo, na katika kinamasi kidogo kinachotembelewa kila wiki jozi moja huweza kusumbuliwa hivyo mara nyingi mno. Vilevile usivunje wala kulaza mafunjo ili upate nafasi ya kupiga picha. Wenyeji huyakata kwa ajili ya mikeka, viti na mapaa, na hiyo ni riziki yao. Wewe huna sababu hiyo.

Maji wazi na magugu

Jua likishapanda kidogo, geukia maji. Gugumaji, ambalo limelisumbua ziwa hili tangu miaka ya mwisho ya 1980, ni balaa kwa wavuvi lakini ni sakafu kwa ndege kadhaa. Sile-maji, mwenye rangi ya hudhurungi na ngao ya samawati kwenye paji la uso, hutembea juu ya majani yake kwa vidole virefu vinavyosambaza uzito. Karibu naye, kwenye kivuli cha ukingo, tafuta ndege mweusi mtupu mwenye mdomo wa manjano na miguu myekundu akitoka na kuingia, na huyo hahitaji kitabu kumtambua. Kwera wenye rangi ya manjano huning'iniza viota vyao kwenye mafunjo juu ya maji, na hapo inafaa kutazama uso kabla ya rangi ya mwili: mmoja ana barakoa nyeusi na mdomo mwembamba sana, mwingine ana koo la kahawia na jicho jeupe.

Mdiria mweupe na mweusi ndiye utakayemwona kuliko wote, akiwa amesimama hewani kwa kupiga mabawa juu ya maji kabla ya kujitupa. Ziwani humu chakula chake kikubwa ni omena, na kwa hiyo huenda mbali na ufuo kuliko mdiria wengi wanavyoweza. Kumjua dume na jike ni zoezi zuri kwa anayeanza: dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike ana mmoja tu, tena uliokatika katikati. Mdiria mdogo wa samawati mwenye kishungi hukaa chini karibu na maji. Aliyekomaa ana mdomo mwekundu, na mchanga ana mdomo mweusi, jambo linalowafanya wengi wadhani wameona aina mbili.

Furukombe, tai mla samaki mwenye kichwa cheupe, atasikika kabla hajaonekana, akitupa kichwa nyuma na kulia huku mwenzake akimjibu. Waendesha boti wengine humrushia samaki ili ashuke mbele ya kamera. Sipendi desturi hiyo, ingawa naelewa kwamba mgeni anayelipa anataka picha. Tai anayezoea kungoja samaki wa kutupiwa humfuata kila mwenye boti, na wewe unakuwa umemwona akiombaomba badala ya kumwona akiwinda.

Ukiamua kupanda boti, panda asubuhi, kabla upepo haujageuka, na uvae jaketi la kuokolea maisha hata kama nahodha mwenyewe hajavaa. Mwombe azime injini mnapokaribia mafunjo na atumie kasia. Safari za machweo ni nzuri kwa kutazama jua, lakini kwa ndege wa mafunjo ni kupoteza pesa.

Kurudi kwenye mashua

Mnamo saa mbili na nusu ndege wa mafunjo wanapunguza kuimba, na huo ndio wakati wa kurudi penye samaki, ambapo utaweza kulinganisha ndege wakubwa waliosimama wazi wakisubiri mabaki. Korongo mwenye upara na mfuko shingoni hana haja ya kuelezwa kwa mtu wa Kisumu. Fundichuma wa kahawia, mwenye kishungi kinachofanya kichwa chake kionekane na ncha mbili, huokota vipande kati ya miguu ya watu. Kiota chake kikubwa cha vijiti, kilichofunikwa juu, huonekana kwenye panda ya mti mkubwa, na ni vizuri kumwuliza mwelekezi kilipo.

Yangeyange ndio wanaofaa kupewa muda. Mdogo mwenye mdomo mweusi na miguu myeusi lakini nyayo za manjano ni mmoja. Mkubwa mwenye shingo ndefu iliyopinda, ambaye mstari wa mdomo wake unapita nyuma ya jicho, ni mwingine. Na mfupi mnene mwenye mdomo mfupi wa manjano ni yule anayefuata ng'ombe, ambaye Waluo humwita okok. Mnandi nao ni wawili: mkubwa mwenye kifua cheupe, na mdogo mwenye mkia mrefu na jicho jekundu. Wakiwa mmojammoja juu ya nguzo, ukubwa huweza kukudanganya, hivyo angalia mkia. Korongo mwenye mdomo ulioachana katikati kana kwamba haufungi sawasawa hula konokono, na anapatikana zaidi kwenye mashamba yaliyofurika kuliko ufuoni.

Konokono haohao wa maji ya kina kifupi ndio sababu ya onyo moja la afya: wamo wanaobeba kichocho, kwa hiyo usiingie majini miguu mitupu kumfuata ndege wala kuosha matope. Osha kwa maji ya bomba.

Kwenye miti na bustani zilizo kati ya ufuo na barabara kuu, tembea ukirudi bila haraka. Ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo wa manjano, anayepiga kelele za kicheko kutoka juu ya mitini, ni Crinifer zonurus, ambaye mtu wa Nairobi hamwoni kwao. Chozi mwenye ukanda mwekundu kifuani hupenda maua ya bustani za kando ya ziwa. Dudumizi atasikika vichakani. Ukibahatika, korongo mwenye taji atapita juu kwa jozi. Mtazame vizuri, kwa maana tangu 2012 amehesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka duniani, na mabonde ya mpunga na vinamasi vya magharibi mwa Kenya ni sehemu ya makazi aliyobakiwa nayo.

Kuandika ulichokiona

Andika palepale, si jioni. Tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mahali, hali ya upepo, aina na idadi. Na kwa ndege usiyemjua, andika rangi ya mdomo, ya miguu na ya utosi kabla ya kufungua kitabu, kwa sababu ukifungua kitabu kwanza macho yako yataanza kukumbuka picha badala ya ndege. Orodha hiyo inaweza kuingizwa eBird, tovuti ya kuhifadhi orodha za ndege, au katika mradi wa Kenya Bird Map, ambao hukusanya orodha za ndege kutoka kote nchini kwa miraba ya takriban kilomita tisa kwa tisa. Orodha yenye ndege kumi na wawili iliyojazwa kwa uaminifu, pamoja na kasiba na kunguru, ina manufaa kuliko orodha ya ndege wawili adimu pekee, kwani anayechunguza anahitaji kujua pia nani hakuonekana.

Mtu aliyeipenda Dunga na anayetaka kinamasi kikubwa zaidi anaweza kwenda Siaya, kwenye kinamasi cha Yala na Ziwa Kanyaboli, ambako mafunjo ni mengi mno na ndege wote wanne wa mafunjo niliowataja kwa majina ya tiva, chiriku na wale wawili wa kujificha hutafutwa kwa mbinu zilezile. Huko kuna pia nzohe, swala wa majimaji, na ziwani wamesalia ngege wa asili ambao katika Ziwa Victoria lenyewe wamekuwa nadra. Safari hiyo haifai kuunganishwa na asubuhi ya Dunga katika siku moja. Lala Siaya au Bondo, uanze alfajiri, na uhakikishe kwamba mwelekezi wako ni mkazi wa upande uleule wa kinamasi unaotaka kuingilia.